Mzazi alete unga, Serikali ilete maharage

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo, Waziri wa Kilimo, Mifugo na Uvuvi, na wenyeviti wa wilaya za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayofanyia biashara sokoni hapa Arua, Mlugbara, Mkongo na msafirishaji wa kutoka Juba wakipatana bei bila mkalimani. Tena Baraza la Mawaziri lenyewe lilikubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, basi nadhani barua hii haitakosa msomaji ofisini kwenu.

Ninaomba jambo moja. Katika chakula cha mchana cha shule za msingi za serikali, mzazi abaki na jukumu la unga, na Serikali ichukue jukumu la maharage. Nikisema maharage nakusudia jamii yote ya mikunde inayoota kwetu: kunde, mbaazi, choroko, njugu mawe, na hata njegere za Kigezi, kule milimani kusini-magharibi, kwa shule za huko. Nimetanguliza maharage kwa kuwa hayo yanajulikana kila kona ya nchi.

Mimi ni mwanamke mfanyabiashara wa nafaka, na nina wajukuu shuleni. Kwa miaka mingi nimeuza unga na maharage kwa shule, kwa hiyo ninayoyasema nayasoma kwenye daftari la mauzo. Muhula ukianza, shule inaagiza unga mwingi na maharage kiasi. Wiki zikisonga na bei ya maharage ikipanda, oda ya unga inabaki palepale, oda ya maharage inapungua nusu, kisha robo. Sufuria haipungui ukubwa, watoto hawapungui. Kinachojazia ni maji. Mwisho wa muhula mtoto anakula posho, yaani ugali, iliyoloweshwa kwa maji yenye rangi ya maharage, na kwenye ripoti inaandikwa kwamba amekula posho na maharage.

Simlaumu mwalimu mkuu. Kilo ya maharage mara nyingi huuzwa karibu maradufu ya kilo ya unga, na fedha alizonazo ni zilezile. Wala simlaumu mzazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ilimpa mzazi au mlezi jukumu la kumlisha mtoto anapokuwa shuleni, na wazazi wengi wa vijijini wanajitahidi: wanaleta beseni la muhogo mkavu, debe la mahindi, mafungu ya kuni. Wanaleta wanachovuna kwa wingi. Maharage hawaleti, kwa sababu kwa mkulima mdogo maharage ni fedha. Anayauza ili alipe daftari, sare na dawa. Ananiuzia mimi, mimi nampakilia mwenye lori wa Juba au mwenye pikipiki anayevuka kwenda soko la Ariwara upande wa Kongo. Ndiyo maana mtoto wa kule milimani Zombo, ambaye mama yake ameinama kwenye mistari ya maharage tangu mvua za kwanza, anaweza kukaa darasani muhula mzima bila kula kikombe kimoja cha maharage ya shamba lao. Sheria ikiendelea kumwachia mzazi kila kitu, kila kitu kitakuwa unga.

Na kwetu West Nile jambo hili ni zito kuliko kwingine, kwa sababu unga wetu ni wa muhogo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina protini kama gramu 8. Za muhogo zina gramu 1 au 2 tu. Maharage makavu yana gramu 20 hadi 25, na kunde na mbaazi hazikai mbali na hapo. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, kiungo ambacho mwili wa mtoto hauwezi kujitengenezea. Maharage yanayo tele. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Wazee wetu waliochanganya nafaka na kunde katika chungu kimoja hawakuwa na maabara, lakini mchanganyiko wao ulikuwa sahihi. Muhogo peke yake na maji ya mchuzi haukamilishi chochote. Unashibisha, mtoto analala usingizi saa nane mchana, na mwalimu anadhani ni mvivu.

Takwimu za afya mnazo, lakini naomba nizirudie kwa ajili ya wasomaji wengine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta watoto 29 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto 53 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano walikuwa na upungufu wa damu, na wanawake wa umri wa kuzaa 32 kati ya kila 100. Malaria na minyoo vina sehemu yao kubwa katika upungufu huo, hilo nalijua, na sitadai kwamba sahani ya maharage inatibu malaria. Lakini damu haitengenezwi bila madini ya chuma na foleti, na vyote viwili vimo ndani ya maharage. Msichana wa darasa la sita au la saba anayeanza kuona siku zake anapoteza chuma kila mwezi. Nani anakirudisha?

Nchi yetu imeshafanya kazi ngumu zaidi ya hii. Watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, pale Namulonge walitoa mwaka 2016 mbegu za NAROBEAN, zilizozalishwa makusudi ziwe na chuma na zinki zaidi. Maharage ya kawaida yana wastani wa miligramu 50 za chuma kwa kila kilo. Lengo la wazalishaji wa mbegu hizi za lishe duniani ni kufikia miligramu 94. Jirani zetu Rwanda walijaribu mbegu za namna hii kwa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu kule Huye: waliokula maharage yenye chuma kingi kwa siku 128 walionekana kuwa na hali bora ya chuma mwilini kuliko wenzao waliokula ya kawaida. Sisi mbegu tunazo. Mahali pa kuzipeleka ambapo watoto wapo kila siku, kwa orodha ya majina, ni shuleni, na huko hatujazipeleka kwa mpango wowote unaofika kila wilaya.

Hapa niweke neno kwa wapishi wa shule, maana barua za namna hii huwaruka. Chuma cha maharage hakiingii mwilini kwa urahisi kama cha nyama. Kinahitaji kusaidiwa. Nyanya, limau, papai au embe linaloliwa pamoja na chakula linasaidia, na embe West Nile huoza chini ya miti kila msimu. Dodo, yale majani ya mchicha, zikikatiwa ndani ya sufuria zinaongeza zaidi. Chai ya rangi inayonywewa hapohapo na chakula inazuia, afadhali isogezwe asubuhi. Na maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe. Hilo linapunguza asidi ya fitiki inayofunga chuma, linapunguza gesi tumboni, na linaokoa kuni. Waraka wa ukurasa mmoja kutoka wizarani, uliobandikwa kwenye ukuta wa jiko, ungetosha kueneza haya.

Sasa kipimo. Naomba kiwe sehemu moja ya maharage makavu kwa sehemu mbili za unga. Hicho kipimo ni chenu. Aprili 2020, wakati wa karantini ya korona, Serikali iligawa chakula kwa watu wa Kampala na Wakiso: kila mtu kilo 6 za unga na kilo 3 za maharage. Walioketi wakapanga mgao ule walielewa kwamba mtu hawezi kuishi kwa unga mtupu, na uwiano waliouchagua ulikuwa mzuri. Kama ulimfaa mtu mzima aliyefungiwa nyumbani Kawempe, unamfaa zaidi mtoto anayekua aliyetembea kilomita tatu kwenda shule Maracha.

Tupige hesabu. Gramu 150 za unga na gramu 75 za maharage kwa mtoto kwa siku. Hizo gramu 75 zinampa zaidi ya gramu 15 za protini kwa mlo mmoja. Shule ya watoto 500 itatumia kilo 37 na nusu kwa siku, na kwa muhula wenye siku 60 za masomo kilo 2,250, yaani magunia 22 na nusu ya kilo mia. Tuchukue kilo moja kwa shilingi 4,000. Ni shilingi 300 kwa mtoto kwa siku, na kwa mwaka wa siku 180, shilingi 54,000.

Najua kiasi hicho kinazidi sana ruzuku ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, anayotengewa mtoto mmoja, na sitaki kuonekana kama nimeficha ukubwa wake. Ndiyo maana sisemi muanze nchi nzima kwa siku moja. Anzeni na darasa la kwanza hadi la tatu. Anzeni na wilaya ambazo chakula kikuu ni muhogo, na zile za ukame. Lakini mkiweka shilingi hizo upande mmoja, wekeni na hasara upande wa pili: utafiti uliotolewa mwaka 2013, ambao Serikali yetu ilishiriki, ulikadiria kwamba utapiamlo wa watoto uliigharimu Uganda asilimia 5.6 ya pato la taifa kwa mwaka 2009 peke yake. Fedha hiyo tunailipa tayari. Tunailipa hospitalini, tunailipa kwa watoto wanaorudia darasa, tunailipa kwa vijana ambao nguvu zao hazikufika pale zilipopaswa kufika.

Sasa nije kwako, Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, kwa sababu nusu ya faida ya ombi hili iko ardhini.

Udongo wetu umechoka. West Nile ilikuwa nchi ya tumbaku kwa miongo mingi. Miti ilikatwa ili kukaushia majani yake. Baada ya tumbaku, muhogo juu ya muhogo. Sasa familia zimeongezeka, wakimbizi wa Sudan Kusini wamekuja na wanakaribishwa, na hakuna tena anayeweza kuliacha shamba lipumzike miaka mitano. Mbolea ya dukani wakulima wengi hawanunui. Uganda ni kati ya nchi zinazotumia mbolea kidogo kabisa Afrika, mbali sana na zile kilo 50 kwa hekta ambazo marais wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2006. Na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, hata waliokuwa wameanza kununua wakaacha.

Mkunde unajitengenezea mbolea yake. Ng'oa mche wa kunde wenye afya uangalie mizizi: utakuta vinundu vidogo, na ukikipasua kimoja ndani ni chekundu kama nyama. Humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Kiwandani kazi hiyo hiyo hufanywa kwa gesi asilia na moto mkali, kisha mbolea inasafirishwa kwa meli na lori mpaka hapa, na ikimwagwa shambani sehemu yake inageuka gesi ya naitrasi oksidi, inayopasha dunia joto zaidi ya mara 250 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Kinundu kinafanya kazi yake palepale chini ya ardhi, bila lori na bila deni.

Lakini nisiseme uongo wa sokoni. Maharage ya kawaida ni dhaifu katika kazi hii. Kunde na mbaazi zinayazidi. Na hata kile kidogo ambacho maharage yanaongeza, sisi tunakiondoa: tunang'oa mche mzima, tunaubeba nyumbani, tunaupura uani, halafu maganda na mabua tunayachoma. Mabwana na mabibi shamba wenu wangefundisha jambo moja tu msimu huu, kwamba mabua yarudi shambani au yapewe mbuzi na samadi yake irudi shambani, ingekuwa faida kubwa isiyohitaji bajeti.

Ndiyo maana nasisitiza mikunde yote, wala si maharage peke yake. Mbaazi, ambazo Waacholi na Walango wanaziita lapena, hukaa shambani miezi mingi, mizizi yake inakwenda chini sana, majani yake yanadondoka na kulisha udongo, na baada ya kuvuna, mashina yake ni kuni. Mama aliyepanda mbaazi ana kitoweo na ana cha kukipikia. Kunde huvumilia jua ambalo maharage hayavumilii, na majani yake yanaliwa wiki chache tu baada ya kupanda, wakati ghala la nyumbani limeisha na mavuno bado. Choroko hukomaa haraka na kuiva haraka jikoni. Njugu mawe huota kwenye mchanga ambao mtu mwingine angeukimbia. Mipango ya serikali ikitaja mikunde, mara nyingi hutaja maharage na kunyamaza. Kwa Kigezi na Zombo, kwenye milima na baridi, sawa. Kwa Yumbe, Moyo, Teso na Karamoja, kunde na mbaazi ziwe mbele.

Kuhusu kuni, nataka nizungumze kama mwenye duka. Maharage ya shule yanachelewa kuiva kwa sababu mbili ambazo hazitajwi. Ya kwanza, shule hununua mchanganyiko: aina nne au tano ndani ya gunia moja, kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu. Nyingine zinaiva kwa saa moja na nusu, nyingine zinataka saa tatu, na mpishi analazimika kufuata ile ngumu. Ya pili, ni ya zamani. Maharage yaliyokaa miezi mingi kwenye joto na unyevu yanakuwa sugu, hata ukiyachemsha mchana kutwa yanabaki magumu katikati. Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa katika kanda ya kaskazini, pamoja na kwetu, ili kuokoa miti. Vizuri. Basi tusiichome miti ileile chini ya masufuria ya shule kwa sababu ya maharage yaliyonunuliwa ovyo. Shule inayonunua aina moja, ya mavuno mapya, na kuyaloweka usiku, itaona tofauti kwenye rundo la kuni ndani ya wiki.

Hilo linanipeleka kwenye wakati wa kununua. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Wakati huohuo maharage ya msimu wa kwanza yanaingia sokoni na bei inashuka. Mavuno ya pili yanaingia mwishoni mwa mwaka, kabla ya muhula wa Februari. Fedha zikifika shuleni miezi hiyo, magunia yatanunuliwa wakati yakiwa mengi, mapya na rahisi. Zikichelewa mpaka Aprili au Mei, kama ilivyo desturi, mtanunua kutoka kwetu sisi wafanyabiashara kwa bei ya juu, maharage tuliyoyanunua rahisi miezi ile ile niliyoitaja. Nasema hivi nikijua kwamba ninajipunguzia faida. Nunueni moja kwa moja kwa vyama vya wakulima wa parishi husika. Magunia 22 kwa muhula ni kiasi ambacho vikundi vya parishi moja vinaweza kukikusanya, na mkulima akijua mapema kwamba shule itanunua, atapanda kwa ajili hiyo.

Atayahifadhi vipi? Fukusi wa maharage huanza kuingia yakiwa bado shambani, na ndani ya miezi mitatu gunia la kawaida linaweza kuwa vumbi na mashimo. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ipo madukani. Wadudu wanakosa hewa na kufa, bila dawa yoyote ya sumu karibu na chakula cha watoto. Bei yake ni kubwa kidogo kwa mtu mmoja, lakini kwa shule inayoitumia muhula baada ya muhula ni ndogo.

Maharage yamo katika orodha ya mazao ya Mpango wa Maendeleo ya Parishi (PDM) wa Serikali. Hata hivyo ninaowaona hapa kwetu wakichukua fedha za PDM wanakimbilia kuku na nguruwe, kwa sababu kuku ana mnunuzi anayejulikana. Shule ingekuwa mnunuzi anayejulikana wa mikunde. Kisha itengwe sehemu ya fedha za parishi kwa vikundi vinavyozalisha mbegu bora chini ya ukaguzi wa wizara, mbegu za NAROBEAN na mbegu za kunde na mbaazi kutoka vituo vya NARO, ili mkulima asipande kila mwaka punje alizookota kutoka kwenye gunia langu.

Na ninyi wenyeviti wa wilaya, hamhitaji kusubiri Kampala kwa kila jambo. Kamati za shule ziko chini yenu. Wiki hii mnaweza kuagiza kila shule iandike ubaoni, mahali ambapo wazazi wanaona, kilo za unga na kilo za maharage zilizoingia jikoni siku hiyo. Wazazi wetu wanajua hesabu hiyo vizuri, hata wale ambao hawakusoma.

Makadirio ya bajeti ijayo bado yanaweza kurekebishwa. Ninaomba yawe na mstari wake wa mikunde ya shule, hata kama ni kwa madarasa matatu ya chini katika wilaya chache, na uwiano wa moja kwa mbili uandikwe kwenye mwongozo wa chakula cha shule ili mwalimu mkuu awe na kitu cha kushikilia anapokuja kuagiza dukani. Mwongozo huo ukitoka, mimi na wenzangu wa soko la nafaka tuko tayari kukaa na maafisa wenu na kuwaonyesha bei za kila mwezi, zinapotoka bidhaa na zinapokwenda. Madaftari tunayo.

Kwa heshima,

Bibi mfanyabiashara wa nafaka
Arua